Pedi za Ejo

Huku Makere mwanamke haogopi mwizi wa kuvunja mlango, anaogopa msiba. Ukipeleka sahani kumi kwenye msiba unarudi na saba, na katika hizo saba mbili si zako, tena zina ufa. Ndiyo maana kila mwenye akili zake hutia alama ya rangi ya kucha chini ya vyombo vyake. Alama ya Esteri ilikuwa nukta mbili nyekundu, zimekaa pamoja. Alizitia kwenye sahani, kwenye sufuria, kwenye madebe ya maharage anayouza gulioni, hata kwenye kandambili za mumewe. Stanislaus alizoea kumtania kwamba siku moja ataamka na kukuta nukta mbili kwenye paji la uso wake.

"Ningekutia," Esteri alimjibu, "ila wewe nani atakuazima?"

Kwa hiyo Jumatatu ile aliposimama dukani kwa mzee Nduwayezu, Kasulu mjini, chupa ya rangi ya kucha ilikuwa mkobani mwake kama kawaida. Kiganjani alishika pedi kuukuu ya breki ya mbele, imefungwa kwenye karatasi ya gazeti. Kaka mdogo wake, Felisiani, fundi pikipiki, ndiye aliyeifungua kwenye pikipiki yao asubuhi hiyo na kumwambia, nenda nayo, usikubali kupewa bila kulinganisha.

"Nataka pedi," Esteri alisema.

Vijana wawili waliokuwa wakinunua oili walitazamana. Mmoja akasema, kwa sauti ya kutaka kusikika, kwamba pedi zinauzwa famasi, mama, hapa ni spea. Wakacheka. Esteri alihisi shingo yake ikipata moto. Alifungua gazeti, akaigonga ile pedi ya chuma juu ya kaunta mpaka vikombe vya chai vikatikisika.

"Pedi za breki," alisema. "Kama mnazo nyingine za kuvaa, vaeni ninyi."

Mzee Nduwayezu aliwatazama wale vijana mpaka wakatoka. Alikuwa mzee mpole, wazazi wake walitoka Burundi zamani, na yeye alikuwa na kitambulisho cha taifa na duka la spea kwa miaka ishirini. Aliichukua ile pedi, akaipima kwa kidole gumba.

"Hii ni ya pikipiki ya Mjapani wa zamani. Zile za mradi."

"Ndiyo. Mradi ulipokwisha waliziuza mbili mnadani. Moja ni yetu."

Mzee aliweka mezani pakiti tatu. Ya kwanza ilikuwa na pedi zinazong'aa, bei ya soda chache. Ya pili ilikuwa nzuri, lakini masikio yake yalikuwa mapana kuliko ya ile kuukuu. Ya tatu ilikuwa ndani ya boksi lililokunjika kona, na bei yake ilikuwa nusu ya gunia la maharage. Esteri aliuliza kwa nini ile iliyochakaa ndiyo ghali.

"Boksi ndilo limechakaa, mama, si mali," mzee alisema. "Usinunue pedi kwa macho. Weka juu ya ile ya zamani, tundu likae juu ya tundu, sikio juu ya sikio. Halafu kwangua kwa ukucha. Hii ya bei rahisi, kwangua uone."

Esteri alikwangua. Weusi ukamjaa chini ya ukucha.

"Rangi hiyo. Wanapaka ili ionekane mpya. Sasa kwangua hii."

Alikwangua ile ya ghali. Ukucha wake ulibaki safi.

"Ni seti ya mwisho," mzee alisema. "Nyingine mpaka ziagizwe Dar, na hawa Wajapani wamebaki wachache, sina haraka ya kuagiza. Hata mdogo wako Felisiani amekuja mara mbili kuziulizia, akaona bei akaondoka."

Esteri alicheka. Alidhani ni kwa ajili yao. Alilipa, na kabla mzee hajazirudisha kwenye boksi, akafungua chupa yake na kutia nukta mbili nyekundu kwenye sikio la kila pedi, upande wa mgongo wa chuma.

"Na hizi zinakwenda msibani?" mzee aliuliza.

"Huwezi kujua," Esteri alisema.

*

Felisiani alizipokea kwa mikono miwili, kwa heshima, kama alivyofundishwa nyumbani. Alikuwa na kazi nyingi siku ile. Nyuma ya gereji yake, chini ya gunia, ilisimama ile Mjapani ya pili ya mradi, nyekundu, aliyoinunua ikiwa mfu mwaka jana. Stanislaus aliizunguka, akauliza kama imeshawaka.

"Inawaka, shemeji. Imebaki vitu vidogo vidogo tu." Akaifunika. "Yenu iacheni. Nikimaliza, ufunguo nitauacha kwa mama chai hapo jirani, kama siku zote. Ila nikwambie, pedi mpya zina ugeni. Siku mbili tatu hazishiki vizuri, mpaka zizoeane na diski. Usishtuke."

"Sishtuki," Stanislaus alisema. "Mimi nakwenda taratibu."

Kweli alikwenda taratibu. Jina lake kijiweni lilikuwa hilo, Taratibu. Wenye haraka hawakumpanda, lakini wajawazito, wazee, na walimu wenye mayai ya kuuza walimsubiri yeye hata kama wengine kumi wamesimama. Nyumba nzima ilikula kwa lile jina: ada ya Arielle, mtoto wao aliyekuwa sekondari ya bweni, mbegu, chumvi, yote yalitoka hapo.

Jumatano asubuhi na mapema, baridi ikiwa bado imekaa kwenye migomba, Esteri alipiga simu. Mtandao ulikuwa unakatakata.

"Felisiani, pedi umefunga?"

"Ejo, dada."

Simu ikakatika. Esteri akamgeukia mumewe aliyekuwa anakunywa uji. "Kazifunga jana. Nenda kaichukue."

Msomaji asiyejua Kiha aelewe hapa. Ejo ni jana. Ejo ni kesho pia. Sisi hatuna shida nalo, kitenzi kinachofuata ndicho husema ni ipi, na mtu akilitamka peke yake tunaangalia lililoulizwa. Esteri aliuliza umefunga. Akajibiwa ejo. Nani angesikia kesho hapo?

Stanislaus alikwenda Kasulu kwa lifti ya gari la mihogo. Felisiani hakuwepo, lakini ufunguo ulikuwa kwa mama chai. Alichuchumaa, akachungulia kwenye kibanio cha breki, akaona pedi nyeusi, safi. Akarudi nyumbani polepole. Breki ilishika kwa uvivu, naye akajiambia ni ugeni.

*

Alhamisi saa nane mchana alimpakia Apoline, mke wa katekista, aliyekuwa anakwenda barabara ya lami kupanda gari. Kutoka kwao mpaka lami ni mteremko wa udongo mwekundu, mrefu, na chini yake ndipo kijiwe kilipo. Waendesha bodaboda wote waliokuwepo walimwona Taratibu akishuka mbio kwa mara ya kwanza maishani mwake. Alipita katikati yao, akakwepa bajaji, akaenda kujibamiza kwenye ukuta wa kalavati. Apoline alivunjika mkono. Stanislaus alivunjika mguu wa kulia, mahali pawili.

Esteri alipofika hospitali, mwenyekiti wa kijiwe, Salumu, alikuwa ameshatangulia. Alishika kizibao cha Stanislaus, kile cha njano chenye namba, kimekunjwa vizuri.

"Shemeji, hiki tunakaa nacho kwanza," alisema bila kumtazama machoni. "Si mimi, ni wanachama. Watu kumi na mbili wameona kwa macho yao. Alishuka kama kichaa."

Katekista alikuwa amekaa kwenye benchi, ameshika pochi ya mkewe mapajani. Esteri alipiga magoti mbele yake, kwenye sakafu iliyomwagiwa dawa, watu wakitazama. Alimwomba msamaha kwa niaba ya mumewe. Katekista alisema Mungu atasaidia, lakini hakumwambia ainuke.

Basi hasira yote hiyo Esteri aliibeba mpaka kitandani kwa Stanislaus.

"Ulikuwa unakimbilia wapi?"

"Sikukimbia, mama Arielle. Nilikamata breki, ikawa kama haipo. Nikakamata ya nyuma, unaijua yenyewe ilivyo dhaifu."

"Breki ya juzi. Pedi nilizochagua mimi, kwa mkono wangu, zimefungwa na ndugu yangu. Hazina hata siku mbili."

"Labda ule ugeni."

"Ugeni!" Wagonjwa wa vitanda vya jirani waligeuka. "Watu kumi na mbili wamekuona. Umemvunja mkono mke wa katekista, umenipigisha magoti, na bado unanidanganya mimi. Wewe ni mwongo, Stanislaus. Miaka yote hii kumbe taratibu yako ilikuwa kwa sababu pikipiki ilikuwa mbovu."

Stanislaus alimtazama kwa muda. Kisha akageuza uso ukutani.

*

Jumamosi mama yao aliwasili kutoka Kitahana, na Felisiani akaja naye mpaka wodini kwa miguu, amebeba machungwa. Alimpa pole shemeji yake, akamenya chungwa, akampa. Stanislaus hakulila. Alilishika tu.

"Shemeji," alisema, "zile pedi mpya hazikushika kabisa."

Felisiani aliacha kumenya. "Zipi mpya?"

"Ulizofunga."

"Mbona mimi sijafunga pedi mpya." Alimgeukia dada yake, na uso wake ulikuwa na mshangao mzuri, usio na doa. "Dada, si nilikwambia ejo? Kesho yake. Nilizisafisha tu zile za zamani nikazirudisha, pikipiki isikae mguu mmoja. Nikashangaa narudi gereji nakuta imechukuliwa."

Esteri aliirudia ile simu kichwani, neno kwa neno, na maneno yenyewe yalikuwa machache mno kumsaidia.

"Nilikuuliza umefunga."

"Mtandao ulikuwa mbaya, dada. Nilisikia pedi, pedi."

Mama akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyeona mzigo umepungua. "Ni neno tu, mwana wanje. Mimi na baba yenu tuligombana nalo wiki nzima, nilimuuliza siku ya kupeleka posa, akasema ejo tu, mimi nikasikia ameshaipeleka." Akampapasa Felisiani mgongoni. "Hapa hakuna mwenye kosa."

"Kosa lipo kidogo," Felisiani alisema kwa upole. "Sipendi kumsema mgonjwa. Ila zile za zamani zilikuwa bado nzima. Mimi mwenyewe ningezipanda kutoka hapa mpaka Kibondo. Ni mwendo tu, shemeji. Mwendo."

Mama akatikisa kichwa kwa huruma kumwelekea mkwewe. Stanislaus akaliweka lile chungwa juu ya kabati.

"Zangu ziko wapi?" Esteri aliuliza.

"Zipo gereji, kwenye droo. Nitakuletea."

*

Wiki tatu zilipita, pedi hazikuja. Stanislaus alirudi nyumbani na plasta mpaka pajani. Alikaa mlangoni kutwa nzima akitazama wenzake wakipandisha na kushusha abiria. Waliompita walipunguza mwendo, wakainua mkono, hawakusimama. Mama yake Esteri alikuwa amebaki kuwasaidia, na kila jioni alimkumbusha mkwewe, kwa nia njema kabisa, kwamba mwendo unaua.

Esteri hakuweza kulala na lile neno. Asubuhi moja alifunua turubai lililofunika mabaki ya pikipiki, akachuchumaa mbele ya tairi lililopinda. Akaingiza mkono mpaka akagusa ubavu wa pedi, akakwangua.

Chini ya ukucha wake palijaa weusi.

Alikaa pale chini akiutazama mkono wake. Mtu anayekusudia kubadilisha pedi kesho hazipaki rangi leo. Anazipaka ili mtu akichungulia aone mpya. Na aliyechungulia alikuwa Stanislaus, mtu wa kuchungulia, mtu wa taratibu, na Felisiani alimjua hivyo. Felisiani, ambaye Esteri alimlipia miaka miwili ya kujifunza ufundi kwa maharage ya mgongoni. Hakulia. Alikwenda kunawa, lakini ule weusi hautoki kwa maji matupu.

Hakumwambia mtu. Alipiga simu akasema tu kwamba mama anataka kumwona mwanawe.

*

Felisiani alikuja Jumapili baada ya misa, amepanda ile Mjapani nyekundu. Aliingia uani kwa mbwembwe, akakamata breki mita moja kutoka mahali mama alipokuwa anachambua maharage, na pikipiki ikasimama palepale. Haikuteleza hata inchi.

"Imepona kweli hii," mama alisema kwa furaha.

"Imepona, mama. Nimeshaanza kupakia watu nayo mpaka Kakonko."

Esteri alileta maji ya kunywa. Alipomkabidhi kikombe, hakurudi ndani. Alichuchumaa mbele ya tairi la mbele kama mtu anayefunga kamba ya kiatu, akachungulia kwenye kibanio. Sikio la pedi lilikuwa limechomoza nje kidogo, na juu yake zilikuwepo nukta mbili. Moto wa breki ulikuwa umezibabua zikawa kahawia, lakini zilikuwa mbili, zimekaa pamoja.

"Felisiani," alisema, bado amechuchumaa, "mfuko wako wa spana unao?"

"Ninao. Kuna kitu kimelegea?"

"Fungua hizi pedi. Unitolee pedi zangu."

Kikombe kilibaki mdomoni mwake. Aliweza kusema mengi, na Esteri aliona yakipita usoni mwake moja baada ya jingine: droo, mteja, mkopo wa siku mbili. Mwisho akasema, "Dada, nilikuwa nazijaribu tu. Ningezirudisha."

"Lini?"

Felisiani alitazama mfuko wa spana. Neno lenyewe, ejo, lilikuwa limemkwama.

"Kuna nini?" mama aliuliza. "Mbona sielewi."

"Hakuna kitu, mama. Fundi anafanya kazi yake." Esteri alivuta turubai. "Na zile za kwenye yetu zifungue pia. Zile nzima. Zifunge kwako."

Felisiani alifanya. Sijui kwa nini alifanya. Labda kwa sababu mama alikuwa anatazama, na kukataa kungehitaji maelezo. Stanislaus alikuwa mlangoni na magongo yake. Kwa robo saa pale uani palisikika spana na maharage yakidondoka kwenye ungo. Felisiani alizitoa zenye nukta, akaziweka juu ya jiwe. Alizitoa zile za rangi nyeusi kwenye pikipiki iliyopinda, akazifunga kwake. Spana ilimponyoka mara mbili.

"Umekaza?" Esteri aliuliza.

"Nimekaza."

"Basi panda uende. Ulisema ungezipanda mpaka Kibondo. Mimi nakuomba mpaka kijiweni tu."

Felisiani alivaa kofia ngumu. Akapanda. Akapiga kiki, injini ikaitika mara ya kwanza, injini nzuri. Alisogea mpaka mahali ua unapoishia na mteremko unapoanza. Aliminya mkono wa breki mara moja, mara ya pili. Alitazama chini, kwenye udongo mwekundu, mpaka kule kwenye kalavati. Alikaa hivyo muda mrefu kuliko mtu anavyokaa kwa kutafakari njia anayoijua.

Kisha akazima injini. Akashuka. Akashika usukani kwa mikono miwili, akaanza kuisukuma pikipiki kuteremka, ameegemea nyuma ili isimponyoke, kofia ikiwa bado kichwani.

"Mbona hapandi?" mama aliuliza.

Chini kijiweni Salumu alikuwa ameinuka kwenye benchi, na wenzake mmoja mmoja wakainuka, wakamtazama fundi akishuka kwa miguu na pikipiki nzima ambayo wote walisikia ikiwaka.

"Esteri. Mbona mdogo wako hapandi?"

Aliuliza, lakini mikono yake ilikuwa imeacha kuchambua. Alimtazama mwanawe, akaitazama pikipiki iliyopinda, akamtazama mkwewe na mguu wake. Polepole akafunika uso kwa ncha ya kitenge. Zile pedi zenye nukta zilikuwa bado juu ya jiwe, hazina tena pikipiki ya kufungiwa.

Esteri alikwenda mlangoni. Alikuwa amejiandaa kwa maneno mengi, siku zote zile, lakini yote yalikuwa ya kumwambia Felisiani. Ya kumwambia mumewe hakuwa nayo.

"Baba Arielle," alisema. "Nilikuita mwongo mbele za watu. Nisamehe."

Stanislaus hakuondoa macho kwenye mteremko. Felisiani alikuwa amefika katikati, akisimama kupumzika kila hatua chache.

"Ejo," alisema.

Esteri alisimama karibu naye. Hakuthubutu kumuuliza ni ejo ipi.